Jiwe la Ziwani Nyumbani kwa Kihara

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake ni kwamba anayeficha ugonjwa kwa kuona haya hujiletea aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia. Kihara wa Mweiga aliisoma methali hii shuleni, ila alidhani ilitungiwa watu wengine.

Kihara alikuwa dalali wa viazi, mwenye kifua mbele na sauti kama tarumbeta. Mama mkwe wake, Wakonyo, alikuwa mjane kutoka Othaya, mchuma chai ambaye vidole vyake vilipinda kama tangawizi. Mama huyu alikuwa na jiwe moja la kijivu, kubwa kama yai la kuku, laini kama sabuni iliyotumika. Alilifunga katika leso nyeupe na kulitunza kama mboni ya jicho lake.

Jiwe hilo lilitoka katika ziwa lililo juu sana Mlima Kenya. Huko, zamani za kale, barafu iliteremka polepole ikalikwangua bonde kama mpishi anavyokwangua sufuria ya ugali, kisha ikayeyuka na kuacha maji ya kijani yasiyo na samaki wala kelele. Baba yake Wakonyo alikuwa mpagazi wa wapanda mlima. Aliliokota ukingoni akalitia mfukoni, na tangu siku hiyo moyo wake ulimsuta kwamba ameiba kitu cha Mungu. Alipokuwa akikata roho alimwambia binti yake, "Ulirudishe. Kwa mkono wako mwenyewe."

Mara watoto, mara chai, miaka ikapita. Sasa magoti ya Wakonyo yalikuwa yameanza kulia kila akiinuka.

"Nisipopanda mwaka huu, sitapanda tena," alisema.

"Mama, hiyo ni kazi ndogo," Kihara akajigamba. "Mimi nimezaliwa nikiangalia huo mlima. Nitakupeleka kama mtu anaenda kuteka maji!"

Wakaondoka na kiongozi wa wapanda mlima aitwaye Gathogo, pamoja na mpagazi wake, Mwai. Walipita msitu wa mianzi, wakalala katika kibanda cha mbao. Asubuhi, kabla ya chai, Gathogo alifanya kama alivyofanya na kila kundi. Aliwasimamisha akawauliza.

"Hapa juu hewa ni haba, na mlima hauulizi mtu kwao ni wapi. Nani kichwa kinamuuma? Ukisema mapema, tunapumzika leo, kesho tunaendelea sote. Ukinyamaza, utaturudisha sote."

Wakonyo aliinua mkono bila haya. "Mimi kinaniuma. Hapa kwa kisogo."

Kihara akaangua kicheko. "Ati kichwa? Mama, hiyo ni ugonjwa ya wazungu! Mtu wa Nyeri ataumwa aje na mlima wake?"

Mwai alicheka. Wakonyo alitabasamu tu, akanywa uji, akapumzika kutwa, na maumivu yakaisha. Lakini jioni ile ile kichwa cha Kihara kilianza kugonga kama nyundo ya fundi wa mabati. Angesemaje, naye alikuwa amecheka? Na mkwe mwanamume ataguna vipi mbele ya mama wa mke wake?

Asubuhi Gathogo aliuliza tena.

"Niko sawa kama simba," Kihara akajibu. Uji wake aliumwaga nyuma ya mwamba.

Walipanda kati ya mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi. Kila kona Kihara aliinama kufunga viatu ili apumue.

"Baba Beth," Wakonyo akamtania mkwewe, "hizo kamba zimekataa kukaa leo?"

Gathogo hakucheka. "Kihara, hebu nitazame. Kichwa?"

"Nimesema niko sawa! Unataka nibebwe mbele ya mkwe wangu?"

Hatimaye Gathogo alinyoosha kidole. "Mama, unaona ule ukingo? Ziwa liko nyuma yake."

Wakonyo alifungua leso. Alilifuta jiwe kwa kiganja, akalishika mkononi tayari.

Hapo hapo Kihara alipepesuka kama mlevi, akaanguka. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Alimkamata Wakonyo miguu, akalia kwa sauti, "Mama yangu, usiniache!" Akatapika juu ya sketi yake. Kisha suruali yake ikalowa, na wote wakaona.

"Lazima ashuke sasa hivi, la sivyo atakufa," Gathogo alisema. "Mimi na Mwai tutambeba. Na ukungu ndio huu unakuja, Mama. Siwezi kukuacha hapa peke yako."

Wakonyo alitazama ukingo. Akatazama jiwe. Akalifunga tena katika leso.

"Mtu kwanza," alisema. Akavua shuka lake la mabegani, akamfunika mkwewe kiunoni, kisha akageuza uso pembeni.

Waliposhuka chini, akili za Kihara zilirudi, na kumbukumbu yote ikarudi nazo. Katika hospitali mjini Nyeri hakuweza kuinua macho.

"Mama, nisamehe. Tutapanda tena."

"Nimekusamehe, Baba Beth. Magoti ndiyo hayajasamehe." Yalikuwa yamevimba kwa mteremko ule wa mbiombio, na tangu hapo Wakonyo hutembea kwa mkongojo, kutoka mlangoni hadi kwenye chai na kurudi.

Baadaye alifika kwa Kihara, kule Mweiga, na leso yake, akaliweka jiwe mezani, kando ya runinga.

"Likae hapa," alisema. "Kwangu linanilaumu mimi, na mimi niliumwa nikasema."

Liko hapo mpaka leo. Juzi wanunuzi wa viazi walikuja kunywa chai, na mmoja wao akalipima kwa kiganja. "Kihara, hili ni la nini?"

Kihara alitaka kusema ni la kunolea kisu. Lakini binti yake Beth alikuwa amesimama na birika, akimwangalia. Akainamisha kichwa.

"Ni la ziwani, kule mlimani," alijibu kwa sauti ndogo. "Lingekuwa limefika kwao, kama ningesema kichwa kinaniuma."

Hakuna aliyecheka. Beth akamimina chai, na baba yake akalirudisha jiwe mahali pake kwa mikono miwili. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.