Mkeka wa Wageni

"Ukiwapa mikeka waende nayo nyumbani, dada, hawatarudi," alisema Eliwaza. Alikuwa amelikalia rundo la mikeka kama kuku anayeatamia.

"Basi wasirudi," alisema Nakijwa. "Shuka."

"Sishuki. Nimeisuka mimi. Tazama vidole vyangu vilivyochanwa na ukindu."

"Uliisuka watu wailalie, au wewe uikalie?"

"Niliisuka watu wailalie hapa. Hapa ndipo alipo mwalimu. Mtu akishajua kujinyoosha mwenyewe kwake, wewe utamfundisha nini? Utabaki humu peke yako unavuta pumzi na panya."

Nakijwa alitaka kucheka, akashindwa. Maneno ya mdogo wake yalikuwa yamegusa jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliogopa.

Nakijwa alikuwa na chumba ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa ghala la ushirika wa kahawa, katika kijiji cha mlimani ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Kahawa ikiisha, ghala hukaa bure mpaka kahawa iive tena, na wazee wa ushirika walikuwa wamemwazima. Humo aliwafundisha watu yoga. Yeye alijifunza mjini, alipokuwa akifanya kazi za ndani kwa watu walioifanya kila alfajiri. Hakuwafundisha mambo makubwa. Aliwafundisha kusimama wakatulia kama mlima, kuinua mgongo kama paka anayeamka, kupiga magoti na kuweka paji la uso chini kama mtoto aliyechoka kulia. Na kupumua. Waliopita nje walichungulia dirishani wakasema, "Njooni muone, watu wazima wanafundishwa kulala!" Lakini waliokuwa ndani walikuwa watu wa kubeba. Walibeba majani ya ng'ombe, walibeba maji, walibeba na mizigo mingine ambayo haiwekwi kichwani na hakuna anayemsaidia mwenzake kuitua.

Mmoja wao alikuwa Bibi Nambike. Mgongo wake ulikuwa umepinda hata akawa anawajua watu kwa miguu yao. Alisalimia viatu. Mtu aliyenunua viatu vipya ilimbidi ajitambulishe upya. Alipoanza kuja ghalani alijinyoosha kidogo kidogo, akaanza kuona magoti ya watu, kisha mikanda yao, kisha vifua. Asubuhi moja aliinua uso, akamtazama Nakijwa machoni kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe u mwembamba hivi! Huli?" Darasa lote likacheka, na Nakijwa akageukia ukutani ili wasimwone machozi.

Lakini alijua kwamba mgongo wa namna ile ni kama njia ya shambani. Isipopitwa, majani huirudia. Na kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu mitini. Ghala likijaa magunia hapatakuwa na mahali pa kukutana, na kama Bibi Nambike hatajinyoosha nyumbani kwake, atarudi kusalimia viatu. Ndiyo maana Nakijwa alitaka mikeka iende kwa watu.

Mwishowe Eliwaza alishuka. Hakuwa amekubali. Alikuwa amekufa ganzi miguu.

Siku hiyo kila mtu alipewa mkeka wake. Waliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto wa mwenziwe. Kisha wakajitwika, wakaanza kuteremka kwenda makwao. Ukungu ulikuwa mzito. Kutoka mlangoni pa ghala Nakijwa hakuwaona watu, aliona mikeka tu, ya rangi nyekundu na kijani, ikielea na kuteremka mlima taratibu, na sauti za kuimba zikitoka chini yake. Alisimama pale mpaka wa mwisho ulipomezwa na weupe. Akafikiri kazi yake imekwisha.

Kesho yake walirudi wote, na hakuna aliyekuja na mkeka. Walilala juu ya saruji tupu, meno yakigongana kwa baridi. Nakijwa akawauliza mikeka iko wapi. Wakatazamana, wakatabasamu kama watu wenye habari njema.

"Tumeiweka vizuri, mwalimu," wakasema.

Eliwaza alicheka huko nje mpaka akashika ukuta.

Jioni Nakijwa aliteremka hadi kwa Bibi Nambike. Mkeka ulikuwa juu ya kabati, umeviringishwa, umefungwa ndani ya kitenge kipya ambacho mwenyewe alikuwa hajawahi kukivaa.

"Huo ni wa wageni," Bibi Nambike akaeleza. "Akija mchungaji, atakanyaga wapi? Akija mkwe? Kitu kizuri kama hicho, mwanangu, nikilalie mimi na magaga yangu haya ya miguu?"

Tusimcheke haraka. Katika kijiji kile kila kitu chema kilimngoja mgeni. Vikombe vyenye maua vilimngoja kabatini, na mwenye nyumba alinywea kopo lililobanduka rangi. Kiti chenye mto kilimngoja, na mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda. Hata yai lilimngoja. Hakuna aliyefundishwa hivyo darasani, waliunyonya mwiko huo pamoja na maziwa ya mama zao. Nao ulikuwa mzuri, kwa kuwa hakuna mpita njia aliyewahi kulala na njaa pale. Ila kulikuwa na nyumba ambazo wageni hawakufika kamwe, na wenyewe wakazikwa, vikombe vyao vikiwa bado vipya.

Nakijwa alikuwa na maneno mengi, lakini alisema haya tu: "Bibi, huyo mgeni akija, atasalimiana na kisogo chako."

Bibi Nambike aligeukia mekoni. Akakoroga chungu chake, akaonja mboga, akaongeza chumvi. Mkeka ulibaki juu ya kabati. Nakijwa akaaga, akapanda mlima akijua kwamba hakushinda.

Kisha kahawa ikaiva. Magunia yaliingia ghalani mpaka yakagusa dari, na mlango ukafungwa. Nakijwa naye alikwenda kuchuma kama watu wote. Ukungu ulishuka ukakaa, ukawa kama mtu wa nyumbani. Siku hizo zilipita kama zinavyopita katika usingizi mwepesi. Mtu alisikia panga likikata kuni na hakujua ni kwa nani, akasikia ng'ombe akilia na hakujua ni bonde lipi. Wakati mwingine, mikono ikiwa katikati ya matawi, Nakijwa alisimama akapumua kama alivyowafundisha, akajiuliza kama kuna mwingine anayepumua. Usiku mmoja aliota kwamba mabati ya kijiji kizima yanapanda na kushuka polepole kama vifua vya watu. Alipoamka hakujua kama ameota mema au mabaya.

Aliogopa kwenda kuona. Aliogopa kuikuta mikeka juu ya makabati, maana hapo angejua kwamba hakufundisha kitu. Na aliogopa, hili hakumwambia mtu, kuikuta imetandikwa. Kama wanaweza bila yeye, yeye ni nani?

"Nenda basi ukaone," Eliwaza alimwambia. "Unazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukikuta wamelala usingizi, rudi tusuke vikapu. Vikapu havina kiburi."

Akaenda asubuhi, ukungu ukiwa umefunika vijia. Katika nyumba ya kwanza mkeka ulisimama nyuma ya mlango, na kamba yake haijafunguliwa. Mwenye nyumba alimpokea kwa furaha kubwa, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamletea chai katika kikombe chenye maua, huku yeye mwenyewe akijishika kiuno kwa maumivu. Nakijwa akanywa chai. Katika nyumba ya pili mkeka ulikuwa umetandikwa, na moyo wake ukaruka, lakini ulitandikwa uwani, na juu yake yalikuwa maharage yakingoja jua ambalo halikuwapo. Akayasifu maharage, akaondoka.

Alipofika kwa Bibi Nambike alikuwa amekwisha kata tamaa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Hodi," akasema.

Kimya.

Pale kijijini hodi haiachwi ikaanguka chini. Anayekula huitikia na tonge mdomoni. Anayeoga huitikia. Hata mwenye kinyongo huitikia, kisha ndipo anunapo. Nakijwa akaogopa kwamba mama huyu mzee amepatwa na jambo. Akaita hodi tena, akausukuma mlango kwa ncha za vidole.

Katikati ya sakafu ya udongo mkeka ulikuwa umetandikwa, na kitenge kipya kimetupwa juu ya kigoda. Bibi Nambike alikuwa amepiga magoti, paji la uso chini, mikono imenyooshwa mbele. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani ukamfikia mabegani, na mgongo wake ulipanda na kushuka ndani ya weupe ule, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Kisha akaanza kuinuka, pingili kwa pingili, kama anayehesabiwa mifupa na mkono asiouona. Hakuyumba. Aliinuka mpaka shingo ikasimama, uso ukaelekea kwenye paa, macho yamefumbwa.

Hakuna aliyekuwa amemwambia avute pumzi sasa. Hakuna aliyemwambia aiachie.

Nakijwa aliinua mguu kuvuka kizingiti. Mdomo wake ulikuwa umekwisha funguka ili useme lile ambalo walimu husema, taratibu, Bibi, legeza mabega. Bibi Nambike akainua kiganja kimoja, bila kufumbua macho.

"Nimekusikia, mwanangu. Subiri hapo hapo mlangoni, sijamaliza."