Nyundo Juu ya Kofia ya Nne

Bi Zuhena, muuza mitumba wa Korogwe, alipata kofia sita za chuma za askari wa vita vya zamani. Bwana Lukindo, tajiri mkusanyaji wa vitu vya kale, akaja, akazigeuzageuza, akakunja uso.

"Zote bandia, mama. Nakupa elfu kumi, nikaziuze chuma chakavu."

"Kama ni bandia, bora nioteshee maua," alijibu Bi Zuhena. Akachukua nyundo na msumari mnene, akaitoboa ya kwanza. Lukindo akapiga miayo. Akatoboa ya pili na ya tatu, naye Lukindo akatazama saa yake. Msumari ulipogusa ya nne, tajiri akamdaka mkono.

"Hiyo iache. Chukua laki moja."

Bi Zuhena akainua nyundo.

"Laki tano."

Nyundo ikapanda zaidi.

"Milioni, mama, na hiyo nyundo iweke chini."

Alipokwisha kulipa, Lukindo aliipakata kofia yake kama mtoto mchanga, akauliza, "Nani alikufundisha kuitambua ya kweli?"

"Kofia mimi sizijui, bosi," alisema Bi Zuhena. "Nilikuwa naangalia uso wako."