Mkono Alioushika Muuguzi

Palikuwa na muuguzi mmoja katika hospitali ya misheni, huko nyanda za juu kwenye baridi. Alianza kazi zamani, enzi za mabeseni ya bati na sindano za kuchemsha. Kila asubuhi wauguzi walipita wodini wakiimba, na wagonjwa wenye nguvu kidogo wakaitikia palepale vitandani. Wazee wenzangu, mnazikumbuka asubuhi zile? Mtu alipona nusu kabla hajameza kidonge.

Ukaja msimu wa homa ya mapafu. Wodi ikajaa mpaka barazani, na ndugu wakazuiwa getini. Mchana mmoja ukabaki mtungi mmoja tu wa oksijeni, na aliyekuwa akiutumia ni mzee mmoja, fundi seremala. Mara akaletwa mama mjamzito, hawezi hata kutamka jina lake. Daktari akasema, "Sista, mhamishie huyu." Akauhamisha kwa mikono yake mwenyewe. Yule mama akapona, akajifungua salama. Mzee akafariki kabla jua halijazama.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku ile wimbo ulimkauka kooni. Mwisho akaacha kazi, akarudi kijijini kulima viazi. Alizitamani zile asubuhi za wodini kama mtu anavyotamani kwao, ila alijiona hastahili hata kuzikumbuka.

Miaka mitatu baadaye, akiwa shambani, akamwona mjane wa seremala akipandisha kilima. Akaliweka jembe chini.

"Mama, najua kilichokuleta," alisema. "Mimi ndiye niliyeuondoa mtungi."

"Hilo nililijua siku ya mazishi, na nililia nikamaliza," mjane akajibu. "Nimekuja kuuliza jingine. Mume wangu alikufa peke yake?"

Muuguzi akakaa juu ya tuta.

"Hapana, mama. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Alikuwa akikutaja. Alisema mlango wa jikoni alikuwa hajaupiga randa, niwaombe radhi nyumbani."

Mjane akacheka huku machozi yakimtoka. "Mlango ule unagoma kufungika mpaka leo. Mbona hukuja kuniambia, Sista?"

"Sikuwa na uso wa kukutazama."

Wapendwa, mnaona? Miaka mitatu huyu anaukumbuka mkono uliochomoa mpira wa oksijeni, amesahau kwamba ni mkono uleule uliomshika mzee. Na miaka mitatu yule mwingine amekosa faraja iliyokuwa yake, kwa sababu imefungiwa ndani ya aibu ya mwenzake. Wakaomba pamoja palepale. Mwezi uliofuata muuguzi akarudi wodini. Kovu alikwenda nalo. Hata Bwana wetu alifufuka na makovu mikononi, na hakuwaficha wanafunzi wake.

Sasa sisi je? Humu kanisani wamo wauguzi, wamo matabibu, wamo wanaosafisha vyumba vya upasuaji. Tunawajua sana tukiumwa. Tunawasimamisha njiani tuwaonyeshe vipele vyetu. Ni nani kati yetu amewahi kuwauliza wamebeba nini kutoka kazini? Tunaitamani hospitali ya zamani iliyoimba, kana kwamba waimbaji hawakuwa na mioyo ya kuvunjika.

Leo tukitoka hapa, kabla hujamwonyesha muuguzi goti lako, msalimie. Kisha umuulize, wiki hii ameushika mkono wa nani. Akianza kusimulia, usiangalie saa.