Pimbi na Njia ya Jiwe Jeupe

Paukwa!

Pakawa!

Na walioko nyuma, watu wazima, nanyi muitike. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na mawe yakisikia, palikuwa na Pimbi. Si panya, wala si sungura. Pimbi: mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia, mwenye nyayo zenye unyevu zisizoteleza juu ya jiwe.

Pimbi huyu alikuwa mama. Alikuwa na watoto mapacha, Doto na Kulwa. Kulwa alitangulia kuzaliwa, lakini Doto ndiye aliyetangulia kwa kelele.

Nchi yao ilikuwa na kisima kimoja tu. Masika, kila mnyama alikunywa apendavyo. Kiangazi kikiingia, maji hupungua, nao hunywa kwa zamu. Wa kwanza hunywa maji. Wa katikati hunywa maji na vumbi. Wa mwisho hunywa tope.

Zamu hizo zilipatikanaje? Kwa vita? La. Zilipatikana kwa mchezo. Muhanga, mchimbaji yule mwenye masikio marefu, alikuwa ametengeneza meza ya jiwe bapa. Juu yake akaotesha kuvumwani, ule umea wa kijani uotao juu ya mawe, laini kama mahameli. Kando akatoboa matundu sita. Akachukua makokwa ya mkoche (mkoche, si mnazi), akapaka saba rangi nyekundu, saba manjano, na moja akalipaka masizi likawa jeusi. Kisha akaokota mtoni jiwe moja jeupe la mviringo. Hilo jeupe ndilo lipigwalo kwa fimbo, nalo huyapiga mengine. Mmoja huangusha mekundu, mwenzake manjano, na aangushaye hupiga tena. Amalizaye yake na kuangusha jeusi ameshinda. Lakini jeupe likitumbukia pamoja na jeusi, ameshindwa. Wazee waliuita mchezo huu biliadi. Vijana wa leo huuita pool.

Siku ya kwanza ya kiangazi bingwa alicheza na kila aliyemtaka. Mshindi habanduki mezani, na ukoo wake hunywa kwanza. Bingwa wa miaka minne alikuwa Nyani.

Nyani alipiga kwa nguvu. KWAA! Makokwa yakatawanyika, gudu gudu gudu, na wanyama wakashangilia. Ukoo wa pimbi, usiokuwa na mchezaji, ulikunywa tope. Mwaka wa nne Doto na Kulwa waliumwa matumbo siku tisa, hata Doto akaacha kelele.

Kiangazi cha tano kilipokaribia, Pimbi akasema, "Sasa basi. Mwaka huu nacheza mimi."

Akacheza na Nyani. Kwa bahati tu, kokwa likaanguka, na jingine, na jingine, mpaka likabaki jeusi, limekaa mdomoni mwa tundu kama linamngoja. Pimbi akafanya kama alivyomwona Nyani akifanya. Akavuta fimbo, akapiga kwa nguvu zote. KWAA! Jeusi likatumbukia. Pimbi akaruka juu kwa furaha.

Alipotua, akaona wanyama wote wanatazama tundu. Jiwe jeupe lilikuwa linajongea pole pole. Likalifuata jeusi. Tumbwi!

"Mama wa majabalini!" Nyani akacheka akajipiga mapaja. "Umeruka mapema! Furaha yako imekuja kabla ya mgeni wake!"

Na desturi ilikuwa hivi: aliyeshindwa wa mwisho hufagia meza na kupanga makokwa mwaka mzima. Kila alfajiri, kabla wachezaji hawajafika, Pimbi alishuka jabalini na ufagio wake wa majani.

Alifagia na kulia. Alifagia na kulia. Siku ya kumi na moja jiwe jeupe lilimponyoka mkononi likabingirika mezani. Pimbi akanyoosha mkono alichukue. Mkono ukakoma njiani.

Kuvumwani ilikuwa imejaa umande. Na pale lilipopita jiwe, umande ulifutika. Palikuwa na njia. Mstari mwembamba wa kijani kibichi, kutoka hapa mpaka pale, umegonga ukingo, umepinda, umesimama.

Pimbi akainama akautazama. "Kumbe unaacha nyayo," akaliambia jiwe. "Miaka yote tunatazama kokwa linaloanguka. Nani anakutazama wewe?"

Akachukua fimbo. Akapiga jiwe katikati, akasoma njia. Akalipiga juu kidogo: jiwe likagonga kokwa, likalifuata. Akasoma njia. Akalipiga chini kidogo: fimbo ikateleza, chwii, jiwe likaruka likamwangukia mguuni.

"Uwi!"

Muhanga akatoa pua shimoni. "Jirani, unaua nini huko asubuhi yote hii?"

"Nauliza swali, Baba Muhanga. Jibu limenipiga kidole."

Kesho yake akapaka chokaa kwenye ncha ya fimbo. Haikuteleza tena, na jiwe lililopigwa chini likagonga kokwa, likarudi nyuma. Alfajiri ile akapiga hamsini. Tii, tuk. Tii, tuk. Jua likatoka, likanywa umande, darasa likafungwa. Ikawa hivyo kila siku. Siku moja hupata, siku tatu hukosa. Alipokosa hakulaumu fimbo. Aliinama akasoma njia.

Mchana wengine walipocheza, yeye alisimama kando na ufagio, akitazama. Nyani hasa. Akamwona, kwa majivuno yake yote, hatikisi kichwa anapopiga. Pimbi akaenda akamwuliza.

"Bwana Nyani, shikamoo. Kichwa chako unakitulizaje namna ile?"

Nyani akashangaa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. "Marahaba. Hushika pumzi," akasema. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni bingwa. "Lakini wewe shika ufagio!"

"Ahsante, bwana. Nimepokea vyote viwili."

Kiangazi kikaingia. Kisima kikarudi nyuma. Wanyama wakakusanyika. Nyani akawashinda wote mmoja mmoja, mpaka Muhanga akauliza, "Yuko mwingine?"

"Nipo," akasema Pimbi.

"Na ufagio au bila ufagio?" Nyani akauliza, na wanyama wakaangua kicheko.

Nyani akaanza. KWAA! Mekundu matatu yakatumbukia. Shangwe ikapanda! KWAA! La nne. Lakini jiwe jeupe likarandaranda lipendavyo, likaenda likajificha nyuma ya jeusi. Nyani akapiga ukingo, akakosa.

Pimbi akapaka chokaa. Akashika pumzi. Tii, tuk. Kokwa moja la manjano likaanguka, na jiwe jeupe likasimama mbele ya la pili. Tii, tuk. La pili. Likasimama mbele ya la tatu.

"Hii ni biliadi au kuuguza mgonjwa?" akapiga kelele Fisi kutoka nyuma.

Tii, tuk. La nne. Tii, tuk. La tano. Fisi akasogea mbele aone. Tii, tuk. La sita. Nyani akaacha kujikuna. Tii, tuk. La saba.

Likabaki jeusi. Na lilikuwa wapi? Mdomoni mwa tundu, tundu lile lile la mwaka jana, linamngoja vile vile.

Nyayo za Pimbi zikatoa jasho. Akawatazama Doto na Kulwa, wameketi juu ya jiwe, wanalamba midomo mikavu. Rahisi kupiga kwa nguvu. Wanyama wote walitaka apige kwa nguvu.

"Piga, mama!" akaita Doto.

Pimbi akainama. Hakutazama jeusi. Alitazama kuvumwani, kavu, haina umande, haina mstari. Lakini yeye aliuona mstari. Alikwisha kuusoma alfajiri mia tatu. Akalipiga jiwe chini kidogo.

Tii.

Tuk. Jeusi likatumbukia. Jiwe jeupe likasimama, likafikiri, kisha likarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Pimbi hakuruka. Alingoja mpaka jiwe likatulia kabisa. Ndipo akatoa pumzi.

Muhanga akainua fimbo yake. "Ukoo wa pimbi utakunywa kwanza!"

Basi shangwe! Vigelegele! Fisi alipiga vigelegele kuliko wote. Na katikati ya kelele hizo Nyani akasimama peke yake, akaokota ufagio, kwa kuwa desturi ni desturi. Akaanza kufagia, ameinamisha kichwa.

Pimbi akamwendea. "Bwana Nyani. Kesho usije jua likipanda. Njoo kukiwa bado na umande. Nitakuonyesha kitu."

"Dada!" Fisi akamvuta. "Una wazimu? Unampa mshindani siri yako?"

"Yeye alinipa ya pumzi," akasema Pimbi. "Tena nikicheza na wasiojua, mwakani nitajua nini kipya?"

Nyani akaegemea ufagio. "Kukiwa na umande," akasema taratibu, "mimi huwa kitandani. Lakini nitakuja."

Pimbi akawachukua wanawe wakaenda kisimani. Maji yalikuwa yametulia, hayajakanyagwa na yeyote. Kulwa akainama anywe, akarudi nyuma kwa kishindo.

"Mama! Kuna mtoto mle ndani!"

"Ni wewe, mwanangu."

Hawakuwa wamewahi kujiona, kwa kuwa masika maji huchafuliwa na wengi, na tope la kiangazi halina kioo. Wakakaa wakajitazama sana kabla ya kunywa. Doto akamtolea mwenzake wa majini ulimi. Kisha wakanywa.

Sikilizeni basi, wadogo kwa wakubwa. Nguvu hushangiliwa, lakini maarifa ndiyo yanyweshayo watoto. Ukikosa, usitupe fimbo. Inama usome njia uliyopita. Na anayekushinda, mwulize, kwa maana hata kejeli yake ina somo ndani.

Hadithi yangu imetulia hapo, kama jiwe jeupe mezani. Mwenye kuipenda aichukue, na anayejua nyingine aanze kupiga.