Dawa kwa Zamu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mtoto nitakayemtaja bado ananyonya, aliishi milimani Upare mwanamke aitwaye Nakiete. Watu wa kule hulima tangawizi, na maji ya mfereji huyagawana kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Mgawaji wa zamu alikuwa Mbonea, mume wa Nakiete. Mtu wa haki. Hata mama yake mzazi alisubiri siku yake.

Nakiete alipima, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Akapewa chupa ya vidonge thelathini, kimoja kila asubuhi. Akameza, akanawiri. Mumewe akaambiwa naye akapime.

"Nikapange foleni pale kliniki, watu wa mfereji wananitazama?" akasema Mbonea. "Mimi siumwi."

Na suruali yake siku hizo ilishikiliwa na kamba!

Bibi Nanzia, mama yake, alimwona mwanawe akikonda, moyo ukamuuma. Asubuhi moja akafungua chupa ya mkwewe, akatoa kidonge, akakisaga, akakitia kwenye uji wa tangawizi wa Mbonea. Kesho yake hakuchukua. Siku ya tatu akachukua. Akajiambia, "Mfereji mmoja hunywesha mashamba mawili. Dawa nayo itatosha, kwa zamu."

Nakiete aliona vidonge vinapungua. Alijua. Akanyamaza, maana mama mkwe utamwitaje mwizi? Akawa anaruka siku, ili chupa ifike mwisho wa mwezi.

Mbonea alionja uchungu chini ya tangawizi. Alijua. Akanyamaza, akalamba bakuli.

Kliniki, Nesi Foibe alitikisa chupa. Tupu. "Hongera, mama, unameza vizuri." Mzani ulionyesha Nakiete amepungua kilo nne. Nesi aliona. Akaiamini chupa.

Mwaka ukapita, mwingine ukafuata. Nakiete akajifungua binti, wakamwita Nambua. Miezi mitatu baadaye majibu ya vipimo vya damu yakatoka: virusi vya mama vimeizoea dawa, haiviwezi tena. Na Nambua anavyo, vile vile sugu.

Nesi Foibe akapanda mlima mwenyewe. Akaketi, akaweka mezani dawa mpya ya Nakiete, na kando yake kichupa cha Nambua. Akauliza maswali, na siku ile, kwa mara ya kwanza, kila mtu akasema alichokijua. Uchungu ulioje, kusema siku ambayo kusema hakuponyi tena!

"Dawa si maji ya mfereji," nesi akasema. "Ukiigawa, virusi vinajifunza kuishi nayo. Nami nilisikiliza chupa, sikumsikiliza mgonjwa. Sasa hii ya mtoto ni asubuhi na jioni, kila siku, na ikishindwa hii, sijui nitaleta nini. Nani ataishika?"

"Nipeni mimi," akasema Bibi Nanzia. "Niliiba, ndiyo. Lakini humu ndani ni mimi peke yangu ambaye sikukosa hata siku moja niliyojipangia. Sikujua. Sasa najua."

"Nipeni mimi," akasema Mbonea. "Kesho nakwenda kupima, mchana kweupe, watu wanione. Na nani hapa anajua kulinda saa kuliko mimi?"

"Ulilamba bakuli, ukanitazama nikiisha," Nakiete akamwambia. "Nipeni mimi. Ni mwanangu."

Bibi Nanzia akamgeukia, bila ukali. "Na siku ukiniona nimekifungua tena kichupa hicho, mkwe wangu, utasema? Au utaniheshimu kama ulivyoniheshimu?"

Nakiete akanyoosha mkono kukielekea kichupa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawakutuambia tufanye nini pale wanaoficha ni wakubwa, na wa kuumbuliwa hajaota hata jino.

Nambua akaamka, akaanza kulia. Saa ya dozi ya kwanza ilikuwa imefika, na mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa juu ya meza.

Msinijibu haraka. Je, ninyi mliosikia, kichupa kile mngemkabidhi nani?