Mlango wa Sharifu Majidi

Hapo zamani, miji ilipokuwa ikishindana kwa makaburi ya mawalii kama watu washindanavyo kwa nguo za Idi, Sultani Zahidi wa Ungwale alikuwa akiona haya, maana mji wake haukuwa na walii hata mmoja. Basi akauvamia mji jirani wa Tikwani, akang'oa mlango wa nakshi wa kaburi la Sharifu Majidi, akaupachika kwenye sebule ya kasri lake, akasema, "Sasa baraka ni zetu."

Ikawa hakuja mtu kuzuru. Kule Tikwani nako mbuzi wakawa wanalala kaburini, na wazee wakilia. Palikuwa na mtu aitwaye Shekuwe, hana mbele wala nyuma, kazi yake kula sadaka za wazuru. Alipokosa mlango na chakula kwa pamoja, alifunga safari hadi Ungwale kuuomba.

Sultani akamwambia, "Wewe umekaa na baraka hizi. Fanya watu wamiminike hapa kama walivyomiminika kwenu. Ijumaa ikifika hawajaja, nitakukata kichwa."

"Ni jambo jepesi, Maulana," akasema Shekuwe. "Apa msikitini kwamba mlango huu ndio ule ule, na ada zake ni zile zile."

Sultani akaapa mbele ya watu wote, asiulize ada zenyewe ni zipi. Nayo ada ilikuwa hii: aliyekimbia akavuka kizingiti cha mlango ule hakamatwi, tena hulishwa mpaka mwenyewe aseme moyo wake umetulia. Shekuwe akapita sokoni na vichochoroni akiwakumbusha watu.

Basi wakaja. Alitangulia mwizi aliyeiba punda wa Sultani, wakafuata wadeni, wake waliokimbia waume, na watwana waliochoka kupigwa. Mchele ukaisha ghalani. Mwizi wa punda akawa anakoroma juu ya zulia la Sultani, na kila akiamshwa husema moyo wake bado haujatulia.

"Watoeni wote," akafoka Sultani.

Waziri akainama. "Maulana, tukiwatoa tumekiri kuwa tulipigania mbao tupu. Miji yote itatucheka."

"Basi mleteni yule mwendawazimu nimkate kichwa."

"Nipo hapa, Maulana," akaitika Shekuwe kutoka ndani ya sebule, mdomo umejaa wali. "Watu wamemiminika kama ulivyotaka. Nami pia nimevuka kizingiti."

Sultani akamkazia macho, kisha kicheko kikamtoka bila kupenda. Mlango ukarudishwa Tikwani kwa ngoma na pembe, na ikatangazwa kuwa ulichukuliwa ili kupakwa mafuta tu. Watu wakaitikia kwa adabu.

Mwaka haukuisha, Ungwale nayo ikavamiwa na mfalme aliyekitamani kiti cha Sultani cha pembe za ndovu. Sultani Zahidi akakimbia miguu mitupu hadi Tikwani, akavuka kizingiti. Shekuwe akamsogezea sahani ya wali.

"Kula, Maulana," akamwambia. "Moyo ukitulia, utasema."

Husimuliwa kwamba Sultani alikula pale mpaka uzeeni, na hakusema hata siku moja kuwa moyo wake umetulia.