Nani Ampe Jina Mtoto wa Marjan

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana nikimaliza nitawadai jibu.

Kambi Kongwe, mtaa wa Wanubi, ilijua watu watatu. Bi Zura hakuwahi kuvunja desturi ya dini. Mzee Farjalla, mwosha maiti, hakuwahi kutoa siri ya maiti. Konstebo Mwita hakuwahi kumchongea polisi mwenzake.

Marjan, mwana wa Bi Zura, alizaliwa mtaani humo, kama babu yake. Hata hivyo alinyimwa kitambulisho: jina lake, eti, la kigeni. Jioni moja polisi wawili wakamsimamisha.

"Wewe Msudani! Kitambulisho!"

"Afande, mimi ni wa hapa hapa. Muulizeni mama, nyumba ile pale."

Akageuka kuwaonyesha nyumba. Mmoja wao, sajini, akampiga risasi, kisha akatangaza kwamba alirukiwa kwa kisu.

Mabruka, mke wa Marjan, alikuwa mjamzito. Akaapa mbele ya maiti: "Atakayemfikisha sajini kizimbani ndiye atakayempa mwanangu jina. Mwingine asithubutu."

Mzee Farjalla alifunua shuka, akaona tundu mgongoni. Mwosha maiti huona akanyamaza, ndiyo amana yake. Lakini aliweka kata chini, akatoka mlangoni mikono mikavu. "Simwoshi bado. Kapigwa kwa nyuma." Tangu siku ile hakuna msiba unaomwita. Atatutangaza huyu, watu husema.

Bi Zura akaulizwa: azikwe leo, kama desturi, au daktari ampasue? "Mpasueni." Mwanawe akalala wiki nzima bila kaburi. Mpaka leo, kila adhana ya magharibi humsikia mlangoni: "Mama, mbona mnanichelewesha?" Naye huenda kufungua.

Daktari akathibitisha tundu la mgongoni. Sajini akang'ang'ania hadithi yake ya kisu. Ndipo Mwita, aliyekuwa doria naye, akawaambia wapelelezi: "Kisu tulikiweka sisi." Sisi! Mkono uliokiweka ulikuwa wake mwenyewe. Akafukuzwa kazi, na sajini akapandishwa kizimbani.

Mtoto akazaliwa. Siku ya saba kanyolewa nywele, mbuzi kachinjwa, jina bado.

"Mimi nilimnyima mwanangu kaburi," alisema Bi Zura. "Nani kanizidi?"

"Bila ulimi wangu, Bi Zura, ungemzika na ushahidi wake," alijibu Farjalla.

Mwita alisimama nje ya mlango, viatu mkononi. "Mimi sidai kitu."

"Ungedai nini, muuaji wewe?" Bi Zura alimkemea.

"Mwache," alisema Farjalla polepole. "Bila yeye, sajini angekuwa kwake anakunywa chai."

Mabruka alimkumbatia mtoto. Kiapo ni chake, hakuna wa kumpokea mzigo huo. Mlango uleule ambao Bi Zura huufungua magharibi ulikuwa wazi, na nje yake kasimama mtu aliyeweka kisu kando ya maiti ya mumewe, kisha akasema kweli. Mabruka akafumbua mdomo.

Haya, msinitazame mimi. Mngemkabidhi nani mtoto ampe jina? Na kama ni yule wa mlangoni, nani kati yenu atamwambia Bi Zura?